Gari likigongwa uwanja wa mbio: Bima inalipa nini, na sharia inasemaje



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahli zake na Sahaba zake wote. Ama baad.

Swali

Mzazi wa Unguja ametuandikia hivi: Mwanangu anaishi Uingereza. Alilipa ada akaingia na gari lake katika uwanja wa mbio za magari, likamshinda kwenye kona, akapiga kingo za chuma. Gari lina bima kubwa, lakini kampuni bado haijaambiwa. Wenzake wanamshauri alivute mpaka barabarani, kisha apige simu aseme ameteleza kwa mvua. Gari hilo tulimchangia sisi wa nyumbani na deni halijesha. Je, hana haki ya kulipwa? Na akifuata ushauri wa wenzake kuna ubaya gani, ikiwa amelipa bima miaka mitatu na hajadai hata senti?

Jawabu kwa ufupi

Bima aliyonayo kijana huyu ni ya barabarani, na kwa kawaida haimfuati uwanjani. Hasara ya gari ni yake mwenyewe. Kudai kwamba ajali imetokea barabarani ni uongo na ni kula mali ya watu kwa batili, na haibadiliki kuwa halali kwa miaka aliyolipa wala kwa dini ya mwenye kampuni. Tumeona tulieleze jambo hili kwa urefu, kwa sababu vijana wetu wengi walioko Uingereza na nchi za Ghuba wanapenda magari, na wazazi huku visiwani ndio wanaokuja kubeba deni bila ya kujua lilikotoka.

Siku ya uwanjani ni kitu gani

Huko Uingereza viwanja vikubwa vya mbio, kama Silverstone, Brands Hatch na Donington Park, havitumiki na mabingwa peke yao. Zipo siku ambazo waandaaji hukodi uwanja, na mtu yeyote mwenye leseni na gari zima hulipa ada, akavaa kofia ngumu, akasikiliza maelezo ya usalama, kisha akaendesha gari lake mwenyewe bila ya kikomo cha mwendo kama cha barabarani. Kwa kawaida hakuna mshindi wala zawadi. Kupimana muda hukatazwa, na kumpita mwenzako kunaruhusiwa upande maalumu tu, tena baada ya yeye kukupa ishara. Kabla ya kuingia, kila mtu hutia saini karatasi kwamba amejua hatari na amezikubali.

Vijana wengi hutelezea hapa. Husema, "Haya si mashindano, basi bima yangu ipo." Jawabu limo ndani ya mkataba.

Mkataba wa bima unasemaje

Mikataba ya bima ya magari ya Uingereza ina sehemu ya mambo ambayo kampuni haiyabebi. Humo kwa kawaida hutajwa mashindano, kuongoza mwendo, kupima kasi na majaribio ya uimara wa gari. Mikataba mingi ya siku hizi huongeza maneno ya wazi zaidi: matumizi yoyote katika uwanja wa mbio, ukiwa unashindana au hushindani. Maneno kama hayo ya mashindano na kupima kasi yamo pia katika mikataba mingi ya Afrika Mashariki, kwani bima zetu zilichukua mtindo wa Kiingereza tangu zama za ukoloni. Mwenye bima kubwa hapa nyumbani na autazame mkataba wake, ataona sehemu inayoeleza mipaka ya matumizi ya gari.

Baadhi ya watu husema, "Bima yangu ni kubwa, inabeba kila kitu." Hapana. Ukubwa wa bima kubwa ni kwamba inalipa gari lako pamoja na madhara ya wengine, lakini yote hayo yamo ndani ya matumizi mliyokubaliana.

Kwa nini sheria hailazimishi bima uwanjani

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1988 inamlazimisha mwenye gari awe na bima ya madhara ya watu wengine akiwa barabarani au mahali pengine pa umma. Uwanja uliofungwa kwa shughuli hizi umechukuliwa kuwa nje ya lazima hiyo.

Jambo hili lilitikisika mwaka 2014. Mahakama ya Umoja wa Ulaya ilihukumu kesi iliyotoka Slovenia, ya bwana aitwaye Vnuk, aliyeangushwa kutoka kwenye ngazi na tela la trekta katika ua wa shamba wakati wa kuhifadhi majani makavu. Mahakama ikasema kwamba bima ya lazima inahusu kila matumizi ya chombo yanayoendana na kazi yake ya kawaida, hata yakiwa katika ardhi ya mtu binafsi. Wenye viwanja vya mbio wakaingiwa na khofu: kama hukumu hiyo ni ya kila mahali, basi kila gari la mashindano lingehitaji bima ambayo kampuni nyingi haziko tayari kuitoa. Mwaka 2021 Umoja wa Ulaya ulirekebisha sheria yake na kuyaacha nje mashindano na shughuli za magari zinazofanywa katika maeneo maalumu yaliyotengwa, kwa sharti kwamba ipo dhamana nyengine ya kuwafidia wanaoumia. Uingereza, ikiwa imeshatoka katika Umoja huo, ilipitisha sheria yake mwaka 2022 na kuiondoa athari ya hukumu ile.

Faida kwetu sisi ni hii: mtu akiwa uwanjani, sheria ya bima ya lazima haimlindi. Kinachobaki ni mkataba wake.

Ujerumani pana mahali panapowachanganya watu zaidi. Njia ya kaskazini ya Nürburgring ina urefu wa kilomita zipatazo 20.8, na siku za watalii huhesabiwa kuwa ni barabara ya kulipia, yenye kufuata sheria za barabarani. Kijana husema, "Hii ni barabara, bima yangu inafanya kazi." Lakini kampuni nyingi za Uingereza zimeitaja Nürburgring kwa jina katika mambo wasiyoyabeba. Na mwenye kuvunja kingo pale huandikiwa gharama za kuzitengeneza, za kulivuta gari, na hata za kufunga njia. Mwenye kukodi gari la kawaida na kulipeleka huko mara nyingi amevunja pia mkataba wa kukodi.

Bima ya siku moja

Zipo kampuni zinazouza bima ya siku ya uwanjani peke yake. Ni vyema ifahamike inabeba nini na inaacha nini.

Kwa kawaida hulipa gari lako likigonga, kwa thamani mliyokubaliana mwanzo. Mteja hubeba mwenyewe sehemu ya hasara, na mara nyingi sehemu hiyo ni asilimia 10 ya thamani au zaidi. Kwa mfano, gari la pauni 12,000 likiharibika, pauni 1,200 za mwanzo ni zako. Injini ikifa kwa kazi nzito, au tairi na breki zikimalizika, hazilipwi. Na gari la mwenzako uliyemgonga mara nyingi halimo, kwa sababu desturi ya viwanja hivyo ni kila mtu kubeba hasara ya gari lake. Kingo ulizovunja zinaweza kuwemo au zisiwemo. Hilo husomwa katika karatasi, haliulizwi kwa marafiki.

Hukumu ya kuendesha uwanjani

Asili ya mchezo wa kushindana kwa vipando ni halali. Katika Sahihi Bukhari imo hadithi ya Ibn Umar (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) aliwashindanisha farasi waliotayarishwa kutoka Hafyaa mpaka Thaniyyatul Wadaa, na wale wasiotayarishwa akawawekea masafa mafupi, kutoka Thaniyya mpaka msikiti wa Bani Zurayq. Ibn Umar mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioshindana. Tazama namna masafa yalivyopimwa kwa uwezo wa mnyama: asiyetayarishwa hakupelekwa masafa ya aliyetayarishwa. Hilo ni fundisho la usalama kabla ya kuwa fundisho la mchezo.

Basi mwenye kuendesha uwanjani kwa masharti haya hatumwambii kwamba ametenda haramu: gari liwe zima na yeye awe na ujuzi, pasiwe na kamari wala dau baina ya washiriki, Swala isipotee, na mali isifujwe. Aya ya 195 ya Suratul Baqara inakataza mtu kujitia katika maangamizo kwa mikono yake, na Mtume (S.A.W.) ametueleza kwamba Allah anachukia kupoteza mali. Mwenye kujua kwamba hawezi kulimudi gari, au kwamba likivunjika watoto wake hawatokula, kwake yeye hukumu inabadilika.

Ama kushindana usiku katika barabara za watu, kama wanavyofanya baadhi ya vijana wetu hapa visiwani kwa magari na pikipiki, hilo halina mjadala. Aliye uwanjani amemkuta mwenzake aliyekubali hatari. Barabarani wapo mama aliyetoka hospitali na mtoto anayerudi chuoni, nao hawakukubali chochote.

Hukumu ya kuinunua bima hiyo

Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la Kimataifa, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1985, liliamua kwamba bima ya kibiashara yenye ada maalumu ina gharar kubwa inayouharibu mkataba, na kwamba badala yake ni bima ya kusaidiana, ambayo msingi wake ni tabarrui, yaani mtu kutoa kwa ajili ya kuwasaidia wenzake. Hii ndiyo rai ya maulamaa wengi wa zama zetu. Yupo aliyeihalalisha, maarufu wao ni Sheikh Mustafa al-Zarqa wa Syria, Mwenyezi Mungu amrehemu, na rai yake inajulikana na inaheshimiwa, ingawa sisi tunafuata rai ya wengi.

Bima ya barabarani ambayo dola imeilazimisha, Muislamu anayeishi nchi isiyo na badala yake husamehewa kwa haja. Ya uwanjani ni tofauti: hakuna aliyekulazimisha kuinunua, kwa sababu hakuna aliyekulazimisha kwenda. Huwezi kujitia mwenyewe katika haja, kisha ukaomba ruhusa ya mwenye haja. Kwa hiyo anayefuata rai ya wengi asiingie uwanjani na gari asiloweza kulipoteza. Akiwa na hamu, zipo njia nyepesi zaidi, kama kukodi gari la wenyewe uwanja pamoja na mwalimu wake, baada ya kusoma vizuri atadaiwa nini akiliharibu.

Wapo walioniuliza kama marafiki kumi wanaokwenda pamoja wanaweza kuchanga fungu, kila mmoja akatoa kwa nia ya kumsaidia atakayepatwa, na kinachobaki kikarudi kwao au kikawekwa kwa safari nyengine. Hilo ndilo hasa tunalolifanya sisi katika misiba na harusi zetu, na asili yake ni nzuri. Waliandike, wakubaliane mapema, na waulize sheria ya nchi walipo.

Nani hulipa kilichoharibika

Asili katika sharia ni kwamba mwenye kuharibu mali ya mwenziwe hulipa, hata kama hakukusudia. Lakini washiriki wote wakiwa wameridhiana kwa saini kwamba kila mmoja atabeba hasara ya gari lake, mali ni yao na wana haki ya kusameheana. Ridhaa hiyo inabeba ajali za kawaida za mchezo tu. Aliyevuka kanuni, akampita mwenziwe mahali palipokatazwa au kwa makusudi, hawezi kujificha nyuma ya karatasi.

Damu nayo si kama bati. Mwenye kuua kwa kukosea ana wajibu wa diya kwa warithi, ila wakisamehe, na wajibu wa kafara, kama ilivyo katika aya ya 92 ya Suratun Nisaa. Saini ya asubuhi haiwaondolei warithi haki yao. Hata sheria ya Uingereza haimruhusu mfanyabiashara kujivua kwa tangazo au mkataba dhima ya kifo au majeraha yaliyosababishwa na uzembe wake.

Liko jambo jengine ambalo vijana hulipuuza: je, gari ni lako? Magari mengi ya Ulaya hununuliwa kwa mkopo ambao gari hubaki kuwa la mkopeshaji mpaka malipo yamalizike. Kulipeleka mali ya mtu mahali alipokukataza ni kukiuka amana. Na gari la kuazima, la kaka au la rafiki, katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi mwenye kuazima ni mdhamini likiharibika kwa matumizi asiyoruhusiwa. Ukiazima gari kwenda kazini ukalipeleka uwanjani, unalilipa lote, hata kama kosa halikuwa lako.

Uongo kwa kampuni ya bima

Sasa tuje kwenye ushauri wa wenzake.

Aya ya mwanzo ya Suratul Maida imewaamrisha walioamini watimize mikataba, na haikuwatenga wasiokuwa Waislamu. Aya ya 188 ya Suratul Baqara imekataza kula mali za watu kwa batili. Kijana huyu aliahidi, na wao waliahidi. Yeye ndiye aliyetoka nje ya mipaka.

Baadhi hujibu, "Hao ni makafiri, tena wanakula riba." Na wazingatie kisa cha Mughira bin Shu'ba (R.A.), kilichomo katika hadithi ndefu ya Hudaybiya. Kabla ya kusilimu alifuatana na watu wa ujahilia, akawaua na kuchukua mali zao, kisha akaja kwa Mtume (S.A.W.). Mtume aliupokea Uislamu wake na akaikataa ile mali. Walioporwa walikuwa washirikina, na juu ya hivyo mali iliyopatikana kwa khiyana haikuingia katika mkono wa Mtume. Sisi tutaiingiza vipi katika matumbo ya watoto wetu?

Wengine husema kama alivyoandika mzazi: amelipa miaka mitatu bila kudai. Ada ya bima si akiba. Katika bima ya kibiashara ni bei ya ulinzi wa muda uliokwishapita. Katika takaful ni tabarrui aliyoitoa. Kwa hali zote mbili hana fungu lake analolisubiri. Na anayelipia uongo wake si tajiri mwenye kampuni peke yake, bali ni kila mteja atakayepandishiwa ada mwaka unaofuata, wakiwemo Waislamu wenzake.

Zaidi ya dhambi, kuna madhara ya dunia. Udanganyifu wa aina hii ni kosa la jinai chini ya sheria ya Uingereza ya mwaka 2006, na adhabu yake ya juu ni kifungo cha miaka 10. Kwa sheria ya mwaka 2015, mwenye kudai kwa udanganyifu kampuni hailazimiki kumlipa na inaweza kuukatisha mkataba wake. Magari mengi ya vijana huko yana kisanduku cha kampuni kinachoandika mwendo na mahali. Kijana asiye raia anaweza kuharibu pia makaazi yake, na hapo hasara si ya gari tena.

Aliyekwisha kulipwa kwa njia hiyo, toba yake ina sharti la nne juu ya majuto, kuacha na kuazimia kutorejea: kuirudisha mali kwa mwenyewe. Atafute njia ya kuirudisha, na kwa usalama wake aonane kwanza na mwanasheria.

Ghuba na hapa nyumbani

Jamaa zetu walioko Imarati wana viwanja vya Dubai Autodrome na Yas Marina, ambavyo vina siku za watu kuingia na magari yao. Oman ina sheria yake ya takaful tangu mwaka 2016, na bima za takaful zipo Tanzania pia. Lakini tusikosee: takaful ni namna ya kuuendesha mfuko kwa halali, haina maana kwamba inabeba kila jambo. Mkataba wa takaful nao una mipaka ya matumizi, na mashindano kwa kawaida yako nje ya mipaka hiyo. Mwenye takaful akidai kwa uongo amewaibia Waislamu waliotoa tabarrui, na hilo ni zito zaidi.

Afanye nini kijana huyu

Kwanza, asilihamishe gari kwa ajili ya kudanganya wala asiseme lisilokuwa. Pili, aisome karatasi ya bima na ile aliyosaini uwanjani. Kama ipo sehemu inayombeba, adai kwa ukweli. Tatu, akiulizwa na kampuni yoyote ya bima kuhusu ajali zake, ajibu kama ilivyo. Nne, awaambie mkopeshaji na wazazi mapema, apange malipo. Deni linalojulikana ni jepesi kuliko linalofichwa. Tano, auze mabaki ya gari likiwa ni lake, au kwa idhini ya mkopeshaji kama mkopo bado, apunguze deni.

Nanyi wazazi, kijana akikuambieni ukweli, msimpokee kwa matusi. Wengi husema uongo kwa kampuni kwa sababu wanaogopa kusema kweli nyumbani. Mtume (S.A.W.) aliletewa maiti mwenye deni la dinari tatu asiyeacha cha kulipia, akawaambia Sahaba wamswalie wao, mpaka Abu Qatada (R.A.) alipolichukua deni lile juu yake ndipo akamswalia. Humo mna uzito wa deni, na mna pia ndugu aliyesimama. Familia ikiweza kumsaidia alipe kwa halali, hiyo ni sadaka na ni kuunga udugu.

Na wewe kijana unayetaka kwenda mara ya mwanzo, jiulize jambo moja kabla ya kulipa ada: gari hili likibaki ukutani leo, nani ataumia? Ukiwa jawabu ni wewe peke yako na unaweza, shika masharti tuliyoyataja. Ukiwa jawabu ni mama yako huku nyumbani, basi liache gari hilo barabarani.

Tunamuomba Allah (S.W.) awahifadhi vijana wetu popote walipo, awape riziki ya halali na ulimi wa kweli, na atulipie madeni yetu.

Wallahu a'lam.